Riflekta Niliyoivaa Mazishini

Leo nimeaibika, na wa kulaumiwa ni mimi tu. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Nilienda Karurumo kumzika rafiki yangu Njeru. Miaka mingi tulibeba kahawa pamoja hadi kiwandani. Mimi si mtu wa maneno. Nilitaka kukaa nyuma, nilie kidogo, nile, nirudi.

Mtu wa bodaboda aliyenileta akavua riflekta, lile koti lao la njano. "Mzee, nishikie hii nikasukume gari lililokwama pale chini."

Kulikuwa na manyunyu. Nikaivaa. (Ni baridi tu, naapa.)

Kabla sijafunga zipu, gari jeusi likasimama mbele yangu. Dereva akashusha kioo. "Mkubwa, tuegeshe wapi?"

Tangu nizaliwe hakuna mtu wa gari aliyeniita mkubwa. Nikanyoosha mkono kwenye shamba lililovunwa maharagwe. Akaenda. Wa pili naye akaenda. Wa tatu nikamwambia arudi nyuma kidogo, bila sababu yoyote. Akarudi.

Basi nikanogewa. Sauti ikawa nzito. Mikono ikajifunga mgongoni yenyewe. Nikaingia hemani nikaanza kupanga watu, walioketi kushoto waende kulia. Mwalimu mstaafu akauliza, "Kulia kuna nini?"

"Ni utaratibu."

Akachukua kofia yake, akaenda kulia.

Binti yangu Wanja, aliye chuoni, akanivuta mkono. "Baba, nani amekupa hii kazi?"

"Usinisumbue nikiwa kazini."

Hapo akaingia mama mmoja mwenye gamubuti, vile viatu virefu vya mpira, zimejaa tope, na leso kiunoni. Akaketi safu ya kwanza, karibu na jeneza.

"Mama, hapo ni pa familia. Wapishi wako nyuma ya nyumba."

Aliniangalia usoni, kisha akaangalia koti. Akaenda.

Ibada ikaisha, tukafika kaburini. Mchungaji akasema, "Udongo wa kwanza utawekwa na dada yake Njeru, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ametoka mbali, Laare, leo asubuhi. Mama Kananu yuko wapi?"

Wanja akaniangalia. Nikakumbuka zile gamubuti.

Nilikimbia. (Nina miaka hamsini na minane. Haikupendeza.) Nilimkuta nyuma ya jiko amekaa juu ya jerikeni, anamenya waru, yaani viazi, machozi yakidondokea maganda.

"Mama Kananu, mbona hukusema?"

"Nilidhani familia imekutuma. Nilichelewa, nikajua wamenikasirikia."

Hilo ndilo lililoniuma. Kidogo tu angekosa kumzika ndugu yake, kwa sababu ya koti la kuazima. Nikamshika mkono hadi kaburini, nikasema mbele ya wote, "Mimi ndiye niliyemfukuza. Hakuna aliyenituma. Hii riflekta ni ya bodaboda."

Sauti ya yule wa bodaboda ikatoka nyuma: "Na mwenyewe naitafuta tangu saa nne."

Watu walicheka hadi mchungaji akajificha nyuma ya Biblia. Mama Kananu pia alicheka. Halafu akainama, akachukua udongo, akamwekea ndugu yake taratibu.

Baada ya hapo nilijipeleka jikoni mwenyewe. Wanja akaja kunifariji. "Baba, haya tumefundishwa. Watu wa saikolojia wamechunguza. Mtu wa kawaida akipewa sare anaanza kuwa ile sare, na wengine wanamtii bila kuuliza."

"Sasa hao waliochunguzwa, waliendaje nyumbani baadaye?"

"Hiyo haikuwa kwenye mtihani."

Mama Kananu akapita na kisu, akanipa. "Wewe mkubwa. Maongezi yapungue, waru ziongezeke."

Hakuwa na riflekta, hakuwa na cheo chochote. Nilimenya makarai mawili. Mkinicheka, chekeni polepole. Vidole bado vinauma.