Malalamiko Kuhusu Mpira wa Mume Wangu Uliotulia Kupita Kiasi

Kwa Ndugu Fundi wa Mipira,
Karakana ya nyuma, ukumbi wa bolingi.

Barua hii ikukute mzima, wewe na mashine yako ya kutobolea. Mimi ni bibi harusi wa wiki tano, mwenye furaha isiyosemeka, na nina malalamiko mazito.

Nakiri mimi ndiye niliyekuletea mpira wa mume wangu. Ulikuwa uking'aa kama kioo. Ulikuwa unateleza moja kwa moja, halafu ukikaribia zile pini kumi za kuangushwa unakata kona ghafla kama umeitwa na mtu. Nilikuomba uutulize kidogo, iwe zawadi yangu kwake. Ukaziba matundu ya zamani ya vidole, ukatoboa mapya mahali pengine, ukaondoa mng'ao wote kwa msasa. Sasa unaanza kujikunja mapema, taratibu, na kila mara unafika palepale. Matokeo yake ni haya:

1. Zamani kila akikosa alirudi kwenye benchi, akaniegemea begani na kusema, "Mke wangu, mpira umenitoroka tena." Nami nikambembeleza mpaka zamu yake ifike. Sasa hakosi. Maneno matamu ninayo tele na sina pa kuyapeleka.

2. Wifi yangu, aliyezoea kumwita Mfereji kwa jinsi mpira wake ulivyopenda kutumbukia kwenye mfereji wa pembeni, siku hizi anawaambia watu wasiomuuliza kwamba yule ni kaka yake, tumbo moja.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kapteni wa timu ya kwanza anamtaka, na timu hiyo husafiri kila Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo sote wawili hatuendi kazini. Mume wangu ameniambia nikisema hapana, hatakwenda wala hatanuna. Sasa mtu mwema namna hiyo nitamwambiaje hapana?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kabla ya Ijumaa uupake polishi tena na kurudisha matundu yalipokuwa. Ikishindikana, toboa tundu la ziada popote utakapoona panafaa kuharibu. Yeye asijue. Atakosa tu, na mimi nitakuwa palepale kwenye benchi.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule mama anayekodisha viatu. Mwambie vyangu havinibani tena.

Mimi niliyependwa mpaka nimepitiliza,
Mke wa Mchezaji wa Njia ya Saba

Nyongeza: Nimeuleta mpira mchana huu pamoja na barua. Kabla ya kuukabidhi nikaurusha mara moja, kuuaga, ingawa dole gumba lilikuwa likipwaya tunduni. Pini zote kumi zikalala. Nikarudia, zikalala tena. Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu. Kaniuliza Jumamosi nina shughuli gani, maana hata mume wangu akiwemo, timu bado ina upungufu wa mtu mmoja. Tafadhali usiuguse mpira wa mume wangu hata kwa kitambaa. Nitakuletea mpira mpya, wangu mwenyewe; utoboe huo, nao uwe vilevile, msasa uleule, ila tundu la dole gumba liwe dogo. Nauhitaji Ijumaa, basi linaondoka Jumamosi asubuhi, na mimi na mume wangu tumeshachagua kiti cha watu wawili.