Jinsi Sostenes wa Mandewa Alivyompigia Simu Bibi Agripina wa Ilongero

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, ninyi wa Ilongero mnaopepeta uwele na ninyi wa Ikungi mnaongoja gari la Dodoma! Punguzeni redio, mfungeni yule mbuzi asije akatafuna khanga zilizoanikwa, na moto ufunikwe majivu usiishe upesi, maana habari inayokuja haifai kusikilizwa kwa sikio moja. Hapa hakuna mikuki wala ngao. Kuna jambo lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni jinsi Sostenes mwana wa Mathayo, dalali wa viwanja na nyumba, Mpima-kwa-Hatua, Mwenye Viatu vya Vumbi, alivyoinua simu yake siku ya Ijumaa akampigia mtu mmoja, akashindwa, akapiga tena.

Siku zile Sostenes alikuwa na kiwanja kimoja tu mkononi. Vingine vyote vilikuwa vimekwenda kwa Eliya, dalali wa upande wa pili wa barabara, mwenye pikipiki na miwani ya jua. Kilichobaki kilikuwa cha Mzee Mughwai: mita ishirini kwa thelathini, hati ipo, njia ipo, uzio upo na geti lake, nguzo ya umeme iko jirani kabisa, na katikati yake, tangu dunia ilipoumbwa, limelala jiwe. Si kokoto, jamani. Ni jiwe ambalo ng'ombe wawili wangelala juu yake na ndama wao, wala asianguke hata mmoja. Alikuja fundi seremala akaliona, akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Akaja mchungaji akalizunguka mara tatu, akamwombea Sostenes, akaenda zake. Akaja mwalimu akaligonga kwa kisigino kana kwamba litaitikia hodi, naye hakurudi.

Basi Alhamisi Mzee Mughwai alifika kwenye ofisi ya shujaa wetu, yaani ile meza iliyo barazani kwake chini ya ubao ulioandikwa SOSTENES VIWANJA NA NYUMBA, akasimamisha fimbo yake mbele ya meza na kunena.

"Sostenes mwanangu, mimi sikuchukii. Baba yako Mathayo tulichunga naye. Lakini alizeti imepandwa, imechanua, imevunwa, imekamuliwa mafuta, na kiwanja changu bado kipo na wewe. Kesho saa sita adhuhuri nitapita hapa. Ukiwa na mtu mmoja tu aliyesema kwa kinywa chake kwamba anakuja kukiona, nakuachia. Ukiwa huna, ufunguo wa geti nampa Eliya."

Yunisi, mke wa Sostenes, alikuwa ndani akichambua mboga, na masikio yake yalikuwa nje. Mzee alipoondoka akatoka na ungo wake.

"Baba Rahel, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kiwanja kikienda kwa Eliya, ubao huu tunaushusha, tunaufanya mlango wa banda la kuku. Kisha tunakwenda Mitundu kwa kaka yako ukalime. Mimi sigombi. Nakupangia tu ili usije ukashangaa."

Hapo ndipo moyo wa Sostenes ulipotikisika. Hakuogopa jembe, maana alizaliwa nalo. Lakini kwa miaka sita watu wa Mandewa walikuwa wakimwita "dalali" anapopita, na jina lile alilipenda kama mtu anavyolipenda shati alilolinunua mwenyewe.

Silaha hakuikosa. Mwezi uliopita alikwenda semina kule Ikungi, akakaa kiti cha mbele, akamsikiliza bwana mmoja mwenye viatu vilivyochongoka akifundisha Tabia Saba za Dalali Mshindi. Sostenes aliziandika zote kwenye daftari la jalada la bluu, kwa kalamu nyekundu, na kila ukurasa aliupigia mstari kwa rula. Tabia ya kwanza ilisema dalali mshindi huamka saa kumi na moja alfajiri. Ya pili ilisema ajitazame kwenye kioo na kujitangazia ushindi. Ya nne ilisema jambo analoliogopa kuliko yote alifanye kwanza, kabla hajanywa chai. Na ya saba, iliyopigiwa mstari mara mbili, ilisema muda wa mteja ni dhahabu, kwa hiyo dalali aseme shabaha yake ndani ya nusu dakika, bila kuzunguka.

Naye Sostenes alijua vema analoliogopa. Lilikuwa jina moja kwenye simu yake: BIBI AGRIPINA ILONGERO. Mama huyo mtu mzima alikutana naye siku ya mnada, akamwambia kwamba anatafuta mahali mjini pa kushushia magunia yake, akampa namba, kisha akamtazama kuanzia kofia hadi soksi na kusema, "Dalali, mimi sidanganyiki." Tangu siku ile Sostenes alikuwa ameipitia namba hiyo kwa kidole mara nyingi, kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki.

Ijumaa ikapambazuka. Saa kumi na moja kamili shujaa alikuwa wima. Akajitazama kwenye kioo cha kunyolea, kile chenye ufa unaougawa uso sehemu mbili, na pande zote mbili zikatangaza, "Sostenes, wewe ni mshindi!" Jogoo akaitikia. Yunisi akavuta shuka, akasema, "Mshindi, funga mlango, baridi inaingia."

Yunisi alipoamka aliandaa chai ya maziwa kwenye chupa, na viazi vitamu vinne vikawekwa kwenye sahani ya bati, vikafunikwa. Sostenes alivitazama kwa hamu akainua mkono wake. "Si sasa, mama Rahel. Tabia ya nne. Kwanza adui, kisha chai."

Lakini je, shujaa huenda vitani akiwa na viatu vichafu? Akavipiga rangi viatu. Je, huenda na meza iliyojaa vumbi? Akaifuta meza, akafuta na miguu ya meza, akageuza meza akafuta chini yake. Akaisafisha simu kwa pindo la fulana. Akapanda ngazi kuufikia ubao wake na kuunyoosha, ingawa haukuwa umepinda. Ikafika saa tatu. Ikapita saa tatu.

"Bado hujapiga?" aliuliza Yunisi.

"Najipanga."

"Panga hizo sufuria basi, ukimaliza kujipanga."

Hata ilipotimu saa nne, akaishika simu kama mtu anayeshika mkuki uliotoka motoni, akabonyeza. Ikaita. Ikaita. Pumzi ikasimama kifuani mwa mwana wa Mathayo, na kuku uani nao wakanyamaza, au labda walikuwa wanakula.

"Haloo?" Sauti ilikuwa kavu kama bua la mtama.

Naye Sostenes akarusha mkuki wake wote kwa mara moja, kama alivyofundishwa: "Mteja wangu, hapa ni Sostenes Viwanja na Nyumba, nina fursa Mandewa ishirini kwa thelathini hati ipo umeme upo uamuzi ni leo leo!"

Ng'ombe akasikika akilia huko Ilongero.

"Ni nani huyu," sauti ikanena polepole, "anayenifokea kabla sijawapa kuku maji?"

"Ni Sostenes, mteja wangu, nina fursa..."

"Mteja wako ni mama yako." Simu ikakatwa.

Akaanguka kwenye kiti, yeye aliyekuwa wima tangu alfajiri. Masikio yalimwaka moto. Daftari la bluu lilikuwa mezani, nalo halikusema neno. Na Yunisi, aliyesikia yote kwa sababu simu ile hutoa sauti hata usipotaka, alikuwa ameegemea nguzo ya baraza akijifuta machozi ya kicheko kwa kitenge.

"Ulimsalimia?"

"Semina ilisema nusu dakika!"

"Huko semina walikuwa na bibi? Umempigia mtu wa umri wa mama yako mkubwa, hukumwambia shikamoo, hukumuuliza ameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Unamrushia mita ishirini! Mimi ningekumwagia maji kwa simu kama ingewezekana."

Sostenes akainamisha kichwa. Akaona Mitundu. Akaona jembe. Akaona ubao wake ukiwa mlango wa banda, na kuku akitoka chini ya herufi za jina lake kwenda kutafuta wadudu. Kisha akatazama simu: zimebaki dakika saba za kupiga, na hela ya kuongeza imekwenda kwenye kiberiti na sukari ya ile chai. Akakaa hivyo hivyo hadi saa sita kasoro dakika kumi.

Ndipo akasimama. Enyi mnaosikiliza, mtu kupiga simu mara ya kwanza ni jambo la kawaida, maana hajui atakachokutana nacho. Bali huyu alijua. Alijua sauti ile, na alijua kwamba safari hii bibi ameshawapa kuku maji na ana nafasi ya kumgombeza vizuri. Akapiga.

"Shikamoo bibi."

Dakika ya kwanza ikaanza kuteketea.

"Bibi, shikamoo. Ni Sostenes. Nimekukosea asubuhi. Nilikurupuka kama ng'ombe aliyefunguliwa. Umeamkaje, bibi?"

"Nimeamka." Shikamoo hakuiitikia.

"Na ng'ombe?"

"Wapo."

"Na mguu ule uliokuwa unakusumbua siku ya mnada?"

"Kumbe uliuona mguu wangu?"

"Niliuona bibi. Ulikuwa unakanyagia kisigino."

"Mh. Umepungua. Nimeukanda na mafuta." Na mlango ukafunguka kidogo. Bibi Agripina akaingia kwenye habari ya mguu, akatoka kwenye mguu akaenda kwa jirani aliyempa mafuta, na kwa jirani akafika kwenye mwewe aliyechukua vifaranga vitatu. Sostenes alijibu "pole" mahali pa pole na "ahaa" mahali pa ahaa, huku jasho likimshuka mgongoni, maana dakika zilikuwa zinaliwa kama uwele mbele ya ndege. Dakika ya nne ikaisha. Ya tano ikaisha. Hakuthubutu kumkatisha.

"Na mavuno je, bibi?"

"Usiniulize mavuno! Uwele upo, lakini naanika chini kwenye turubai, turubai limetoboka, mchanga unaingia. Napeleka mjini, watu wanatafuna, wanatema. Kwetu Iramba nikiwa msichana tulikuwa tunaanika juu ya jiwe. Uwele unatoka mweupe, hauna hata chembe ya mchanga. Hapa kwangu ni tifutifu tupu, jiwe nitalitoa wapi?"

Sostenes akageuka akamtazama Yunisi. Yunisi akaweka ungo chini.

"Bibi," akasema Sostenes, "kile kiwanja ninachokuuzia kina jiwe."

"Jiwe?"

"Katikati, bibi. Waliokuja wote wamelikimbia."

"Limechongoka au ni bapa?"

"Bapa, bibi. Kama meza. Ng'ombe wawili..."

Tuu, tuu, tuu.

Dakika zimekwisha! Loo, ole wa simu! Katikati ya jiwe, katikati ya ng'ombe wa pili, silaha ilivunjika mkononi mwa shujaa, na palepale kwenye kona ya njia ilionekana kofia ya Mzee Mughwai, na chini ya kofia fimbo, na juu ya bati jua la saa sita.

Mzee akapokea shikamoo mbili, akaketi, akaweka ufunguo wa geti mezani, juu ya daftari la bluu.

"Haya, mwanangu. Yuko wapi mtu wako?"

Sostenes akafungua kinywa. Angeweza kusema, "Yupo, anakuja," na mzee angemwamini, maana alichunga na baba yake. Lakini masharti yalikuwa kinywa cha mnunuzi, si cha dalali. "Mzee," akasema, "nilikuwa naye. Dakika zimeisha kabla hajasema."

Mzee Mughwai akatikisa kichwa kwa huzuni, akanyoosha mkono kuuchukua ufunguo. Na mkono ule ulipokuwa bado hewani, simu ikatetemeka juu ya meza, ikajisogeza yenyewe mpaka kwenye ukingo kama kobe mwenye haraka. BIBI AGRIPINA ILONGERO. Yeye mwenyewe, kwa dakika zake mwenyewe!

Yunisi ndiye aliyebonyeza, maana vidole vya Sostenes vilikuwa vimekufa ganzi. Na sauti kavu ikajaa barazani, ikasikika hadi kwa fundi baiskeli aliye ng'ambo ya njia.

"Wewe Sostenes."

"Naam bibi."

"Marahaba."

Fundi baiskeli aliacha pampu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Shikamoo ya simu ya pili nimeipokea. Ile ya simu ya kwanza bado unadaiwa. Kesho naja na bodaboda ya asubuhi, nije nilione hilo jiwe. Usilifagie. Nataka nilione lilivyo."

Mzee Mughwai akaurudisha mkono wake mapajani. Akausukuma ufunguo kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka ukafika upande wa Sostenes. "Miaka yote," akasema, "nilikuwa naona aibu kwa ajili ya jiwe hilo."

Hivyo ndivyo neno moja la herufi nane lilivyotoka Ilongero likaokoa ubao mmoja Mandewa. Baraza lile lilitulia kama mji uliotoka kuzingirwa. Yunisi akafungua daftari la bluu, akatafuta tabia ya saba, akaifuta kwa mstari mmoja mnene wa kalamu nyekundu, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba: SALIMIA.

Kisha akaleta vikombe vitatu. Chai ilikuwa imepoa, imeshika ngozi ya maziwa juu, na viazi vilikuwa vigumu. Sostenes mwana wa Mathayo, Mpokea-Marahaba, alikumbuka ya kuwa amelitimiza lile alilokuwa analiogopa, na kwamba sasa, kwa sheria zote za washindi, ameruhusiwa kunywa chai ya asubuhi. Akainua kikombe saa sita na robo adhuhuri, mbele ya mashahidi wawili na fundi baiskeli, akanywa mpaka sukari ya chini.