Bendera ya Brígida na Kichwa cha Mtakatifu

Jumamosi, 28 Septemba. Hermosillo.

Kwa jina la Mungu Mwenyezi, aliyeumba jangwa na kwa hekima Yake akasahau kivuli. Salamu za heshima kwako, utakayekifungua kijitabu hiki nikiisha kuzikwa. Nawaamkia na wazee wako, na wote walalao chini ya paa lako. Mimi ni Casimiro Bojórquez. Umri, miaka sabini na mmoja. Mgane. Mtunza sakristia. Nilisoma seminari miaka minne, nikaondoka kwa sababu ambazo Askofu alizieleza vibaya.

Leo magharibi tunaanza hija ya Magdalena kwa miguu. Mikesha mitano, maana jua la hapa halina adabu. Mchana tunalala, usiku tunatembea. Bendera ya mtaa inatangulia. Aliishona marehemu mke wangu Brígida. Ndevu za Mtakatifu Fransisko zilikwenda upande kwa sababu nilikuwa nikimsemesha. Niliibeba miaka kumi na tisa. Mwaka jana nikanyang'anywa!

Sababu ni hii. Kule kanisani Mtakatifu amelala chali, na kila hujaji hutia mkono chini ya kichwa cha sanamu akakiinua. Aliyevunja nadhiri, kichwa hakimwinukii. Sheria ya mtaa ni moja: asiyeinua kichwa habebi bendera. Mimi nilivuta hadi kifungo cha suruali kikaruka. Kompadre wangu Don Nabor Yescas, muuza nyama, ambaye nilimsimamia mwanawe ubatizo, alikiinua kwa mkono mmoja huku akitafuna.

Nadhiri yangu niliiweka goti lilipopona: kila mwaka nitakwenda Magdalena nikitembea. Mwaka jana nilipanda kidogo lori la vyakula. Kilomita arobaini. Sioni uhusiano wowote.

Kiangazi kizima nimenyanyua mfuko wa unga kwa mkono wa kulia. Mkono umeiva. Bendera inarudi nyumbani.

Jumapili, 29 Septemba. Chini ya mti wa meskite.

Malengelenge manne. Nayatolea kwa ajili ya roho zilizo toharani, ingawa moja ni kubwa mno kwa roho moja.

Don Nabor anaongoza rozari kama anayenadi matumbo. Katika fumbo la tatu aliruka Salamu Maria mbili nzima. Nikamsahihisha kwa upole, kwa sauti ya kutosha kusikika na wote. Akanijibu bila kugeuka: "Kompadre, we tembea tu. Mungu anasikia hata usipomtafsiria." Wanawake wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Doña Eduviges Tánori, mwenye lori na sufuria. Nadhiri yake ni kutupikia na kutubebea maji. Hututangulia usiku hadi kituo kinachofuata. Miaka ishirini hajawahi kuingia foleni ya kanisani, eti sufuria haziachwi peke yake. Mwanamke asiye na makuu. Maharagwe yake, hata hivyo, yana chumvi ya kulipiza kisasi.

Bendera niliitazama kwa nyuma usiku kucha. Nabor anaibeba kama mguu wa ng'ombe.

Jumatatu, 30 Septemba. Nimelala kifudifudi.

Nieleze kwa utaratibu.

Seminari ilinifundisha nyota. Nikaona kwamba barabara inazunguka bila sababu, na kwamba mtu mwenye elimu akikata moja kwa moja jangwani atamtangulia Nabor kwa saa nzima, naye atanikuta nimeketi kituoni nikisali. Nikachepuka. Nikafuata taa ya mji. Ilikuwa nzuri, thabiti, nayo ikawa inakuja kunilaki. Nikamshukuru Mungu. Ilikuwa gari moshi la mizigo!

Niliruka pembeni kwa wepesi ambao daktari wangu angeukana. Nikakaa juu ya choya. Asiyeijua choya na amshukuru Mola: ni mpungate ambao ukiupita karibu tu unakung'ang'ania kama shemeji mwenye shida. Mimi sikuupita karibu. Niliukalia.

Nilifika kituoni alfajiri, wa mwisho, nikitembea kama bata. Doña Eduviges alichukua kitana, kama tufanyavyo sisi wote huku, akaanza kunichanua miba mbele ya wanawa— lakini sitaandika mbele ya nani. "Tulia, Don Casimiro," akasema. "Mtakatifu amelala chali, wewe lala tumbo, mtaangaliana vizuri." Nabor akauliza kama nyota zote ziko salama.

Kitana kile sasa kina meno kumi na moja.

Jumanne, 1 Oktoba. Querobabi. Naandika nikiwa nimesimama.

Nimeitafakari nadhiri yangu kwa mujibu wa kanuni. Niliahidi kwenda nikitembea. Sikutaja kutembea juu ya nini. Kosa la mwaka jana, kama lilikuwapo, halikuwa lori. Lilikuwa kukaa! Nilikaa juu ya gunia la viazi kama mtalii. Basi mtu akipanda lori la Doña Eduviges, akajifunika turubai, akatembea humo mbele na nyuma bila kupumzika hadi kituo cha Benjamín Hill, huyo ametembea. Nimeutafuta udhaifu wa hoja hii tangu asubuhi. Hauna.

Lori linaondoka saa tatu usiku. Nitaingia saa mbili na nusu. Katika hali niliyo nayo, kukaa hakunishawishi.

Jumatano, 2 Oktoba. Benjamín Hill.

Nilitembea kwa uaminifu. Hatua tano kutoka mkiani hadi kwenye sufuria, kugeuka, hatua tano kurudi, nikiinama kwa ajili ya turubai. Rozari mkononi. Katika mzunguko wa tatu nikakanyaga kitu laini. Kikapiga yowe: "Mama yangu wee!"

Don Nabor Yescas! Amelala kati ya maji na vitunguu, amejifunika bendera ya mke wangu kama shuka!

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anaikinga bendera na umande. Nikamwambia jangwani hakuna umande. Akasema ndiyo maana inakauka vizuri. Kisha akaniuliza mimi nafanya nini. Nikasema natembea. Akanimulika kwa tochi. Nikamweleza hoja yangu, na kwa mara ya kwanza tangu ubatizo wa mwanawe nikamwona amevutiwa. Akasema yeye naye, mwenye nadhiri kama yangu, ana hoja: Mtakatifu mwenyewe amelala. Nikamjibu kwamba Mtakatifu amekufa. Tukavutana bendera. Nilimpiga teke moja la kidugu, naye akanirudishia mawili. Mwishowe tuliapa kunyamaza, mkono juu ya gunia la unga, kwa kukosa Biblia.

Tulishuka gizani kabla ya kituo. Wenzetu walipofika asubuhi walitukuta tumeketi, yaani yeye ameketi. Wakastaajabu! Wazee hawa, na mbio hizi! Kijana mmoja alinibusu mkono. Nilimwacha anibusu, kwa ajili ya imani yake.

Doña Eduviges alitugawia tortilla nusu nusu. Kisha akaenda kuhesabu vitunguu vyake. Sikupenda namna alivyovihesabu.

Usiku huu tunatembea kwa miguu yetu. Nabor amepauka kama jibini, anaogopa kichwa. Mimi siogopi. Nimechukua tahadhari. Nimekwangua utomvu wa meskite nikaujaza kwenye kopo la marhamu. Mahujaji wengi hushindwa kwa sababu ya jasho la kiganja. Hilo ni suala la mshiko, halihusiani na neema.

Alhamisi, 3 Oktoba. Magdalena.

Ee Mungu, Wewe waona yote. Ungeweza kuacha hili moja.

Foleni ya muda wa saa nne. Nabor akatangulia, bendera kwapani. Akatia mkono mmoja. Wapi! Mikono miwili. Mishipa ya shingo ikasimama, kichwa hakikusimama. Akasema ni mgongo. Mtaa mzima ukaguna. Nilimwonea huruma kwa muda wa pumzi mbili, kisha nikapaka utomvu na kupiga hatua.

Nilitia kiganja chini ya kichwa cha Mtakatifu. Nikainua. Hakikuinuka. Nikainua kwa nguvu ya mifuko yote ya unga ya kiangazi. Hakikutikisika. Nikaamua kujitoa kwa heshima. Mkono haukutoka!

Nilikuwa nimegandamana na kisogo cha Mtakatifu, na yeye amelala juu ya mkono wangu kwa uzito wote wa utakatifu wake. Nyuma yangu watu mia nne. Mama mmoja akapaza sauti: "Wee mzee, unamwombea ukoo mzima?" Nabor akasema kwa furaha ya wazi kwamba hajawahi kuona Mtakatifu akimkamata mtu. Likatoka neno: "Mwiteni Doña Eduviges, aje na kitana!"

Akaja, aproni ikiwa na maharagwe. Akaangalia. Akaniambia: "Sogea kidogo, baba." Akatia mkono wake wa kushoto chini ya kichwa, akakiinua kama anayemwinua mtoto mchanga kumnywesha maji, akakishikilia hivyo hivyo juu huku kwa mkono wa kulia ananichanua utomvu vidoleni, polepole, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, bila ukali, ila akasikika hadi mlangoni: "Usiku ule mlipopigana mateke lorini mwangu, nikadhani vitunguu vimefufuka."

Ijumaa, 4 Oktoba. Sikukuu.

Bendera amepewa Doña Eduviges. Ataifunga mbele ya lori. Sheria ni sheria.

Jioni alinipa niikunje, eti yeye hajui mikunjo yake. Anajua. Nilipapasa ndevu zilizokwenda upande. Nilikaa nayo muda. Hakunihimiza.

Nimetafakari. Nimeliona kosa langu waziwazi: nadhiri yangu ilikuwa nyepesi mno, ndiyo maana Mtakatifu aliidharau. Leo mbele yake nimeweka nyingine. Mwakani nitakwenda Magdalena pekupeku, na bendera itarudi kwangu.

Nabor amekuja kuniuliza kwa faragha kama soksi ni viatu. Nimepekua kumbukumbu zangu zote za seminari. Kanisa halijatamka lolote.

Nimeagiza jozi sita, za sufu, nene.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki, ambariki mwenzi wako na watoto wako, chungu chako kisikauke, na miba ya dunia ikukute umesimama. Amina.