Taili Nyeusi za Bwawa Langu

Jumatatu, 2 Februari

Bwawa letu la kuogelea limehukumiwa. Hukumu imetolewa na mke wangu Wangechi wakati wa chai ya asubuhi, akiwa amesimama. Kufikia Jumamosi lazima aone sakafu ya bwawa kwa macho yake. Asipoiona, kaka yake Muriithi anakuja na tipa ya udongo kutoka Witeithie, analifukia, na hapo panapandwa sukuma wiki.

Niliuliza kama kuna rufaa. Hakuna.

Mazingira ya kesi: maji ni kijani. Si kijani cha kutisha. Kijani cha sweta ya shule. Sakafu haijaonekana tangu mvua za mwaka juzi. Vyura wapo, idadi haijathibitishwa. Bwawa tulilikuta tuliponunua nyumba hii ya Ruiru na ndilo la pekee mtaani. Kwa ajili yake watu huniita Mzee wa Swimingi. Hata watu wa bodaboda kule stejini! Likifukiwa nitabaki Baba Shiko, na akina Baba Shiko wamejaa kutoka hapa mpaka Thika.

Siogelei. Hilo halihusiani.

Jioni nimeipitia hukumu upya. "Aone sakafu." Hakusema aone maji! Niliripoti habari za mahakama kwa miaka mingi na sijaona upenyo mpana kama huu. Bwawa likiwa tupu, sakafu inaonekana. Kesi imekwisha.

Jumanne, 3 Februari

Nimemwaga maji. Pampu ilifanya kazi, jambo lililotushangaza sote, mimi nikiwa wa kwanza. Mpira niliuelekeza kwenye mtaro. Mtaro, imebainika, unaishia kwa jirani yangu Dalmas Okello.

Dalmas alifika getini mchana, ndara moja mguuni. Ya pili, alisema, imeondoka na maji. Mkononi alikuwa na chura, kama kielelezo. Akauliza mbona nimemtumia vyura peke yao, samaki wa ngege wako wapi? Kwao ziwani, alisema, maji yakikuingilia nyumbani angalau yanakuachia kitoweo. Nikamjibu kwamba maji hufuata mteremko, hayanifuati mimi. Akasema ameona, hata akili zangu zimeshateremka. Bata wake wamefurahi sana. Yeye hajafurahi.

Sakafu ilionekana alasiri. Heri isingeonekana! Taili za bluu zimebanduka karibu zote. Zilizobaki zimekaa mojamoja, kama meno ya mtu aliyepigana baa. Wangechi alichungulia akasema, "Haiya! Hiyo si sakafu, hicho ni kidonda." Nilipinga. Hukumu ilitaja sakafu, haikutaja uzuri. Akasema hukumu sasa imefafanuliwa: sakafu ya bwawa ni ile yenye taili. Tarehe haibadiliki.

Hakimu hawezi kubadilisha maneno baada ya kuyasoma. Mke anaweza. Nimeandika hilo kwa kumbukumbu.

Jumatano, 4 Februari

Ushindi! Nimepata dalali wa Thika anayeitwa Mutie, ambaye huuza mabaki ya kila kitu. Nilimpigia simu mwenyewe. Fundi ukimtuma anapotosha ujumbe.

Nilimwambia nataka taili. Aliuliza mpya au zilizotumika. Sikujua kuna taili zilizotumika, lakini sikuonyesha. Nikasema zilizotumika, mradi ziwe imara. Akasema za kwake zimefika Mombasa na kurudi. Basi zimepitia bandarini! Za kutoka ng'ambo!

Nikaomba za bluu. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, ya bluu sijawahi kuona tangu nizaliwe. Nyeusi ndizo ziko." Nilifikiri kidogo. Hoteli za kifahari zina mabwawa meusi. Nikakubali. Nikauliza kama zinateleza. Akaapa kwamba hata kwenye matope ya Aprili haziwezi kuteleza, kwa kuwa meno bado yapo. Taili zenye meno! Ufundi umeendelea sana tangu nistaafu. Nikamwonya wasizivunje wakishusha. Akasema hata wakizitupa kutoka ghorofani zitaruka tu na kurudi.

Aliuliza nataka ngapi. Nikasema za kutosha bwawa zima. Akasema, "Eh!" Baadaye akasema hajawahi kupata mteja kama mimi. Sina sababu ya kumshuku.

Pesa hataki. Anataka pampu. Tumekubaliana: yeye taili, mimi pampu. Bwawa lisilo na maji lina haja gani na pampu? Mzigo utafika Ijumaa na kushushwa moja kwa moja ndani ya bwawa. Wangechi hajaarifiwa kuhusu pampu. Hakuna haja ya kumchosha.

Alhamisi, 5 Februari

Nilimtangazia Dalmas juu ya ua kwamba nimeagiza taili nyeusi zenye meno, na kwamba zinafika kesho. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, polepole, nikimtazama. Nikarudia. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya jirani. Kisha akasema kesho haendi popote. Anakuja kwangu na kiti chake.

Wivu ni kitu kibaya.

Ijumaa, 6 Februari

Asubuhi nilikwenda Thika kutafuta gundi ya taili. Niliingia duka la vifaa, nikataja ninachotaka. Muuzaji akanipa kikopo kidogo kuliko cha rangi ya viatu. Nikamweleza kwamba kazi ni kubwa, ni bwawa zima. Akaniuliza barabara ya kwangu ina misumari mingi kiasi gani. Sikuelewa, nikacheka kwa adabu. Nilinunua katoni nzima. Kikopo kina picha ya baiskeli. Nembo tu, nilidhani.

Nilirudi saa nane. Lori lilikuwa limekuja na kuondoka. Pampu haipo. Dalmas yuko uani kwangu, kwenye kiti chake, anafuta machozi kwa kofia.

Bwawa limejaa hadi ukingoni. Limejaa matairi. Ya magari madogo, ya pikapu, na moja la trekta, ambalo kwa mujibu wa Dalmas dereva alisema ni la zawadi.

Nilimpigia Mutie papo hapo. Nilimwambia wazi kwamba sikuagiza tairi, niliagiza taili. Hayo ndiyo niliyoyasema. Dalmas, ambaye ni shahidi asiyetegemewa, anadai nilichotamka ni: "Sikuagiza tairi, niliagiza tairi!" Mutie alijibu kwamba basi tumeelewana, shida iko wapi? Nikasema shida ni taili. Akasema kweli, mzee, ni tairi. Kuhusu kuyarudisha, haiwezekani. Pampu tayari imefungwa kwa mtu wa kuosha magari, na inafanya kazi vizuri kuliko alivyotarajia.

Dalmas aliniomba niseme "lori lililala Limuru". Nilikataa. Si kwamba siwezi. Ni suala la heshima.

Wangechi alirudi jioni. Alisimama ukingoni. Aliuliza pampu iko wapi. Nikamweleza. Akasema kwa Kiswahili kuna neno vigae, nimelisoma, nimeliandika, hata halina herufi ya kunisumbua. Ngai! Kwa nini sikusema vigae? Nikamjibu kwamba ningesema vigae ningeletewa vyungu vilivyovunjika.

Nililala sebuleni. Sofa ni fupi.

Jumamosi, 7 Februari

Siku ya hukumu. Muriithi aliingia na tipa asubuhi mapema, akaruka chini, akatazama ndani ya bwawa. Akaita, "Shemeji! Sasa mimi nimwage udongo wapi, na wewe umeshajaza?"

Niliona nafasi. Nikasimama na kutoa hoja: kwa kuwa bwawa halina nafasi ya udongo, haliwezi kufukiwa, na kwa hiyo linabaki bwawa. Ni hoja nzuri. Ningeisikia mahakamani ningeiandika ukurasa wa kwanza.

Wangechi aliinama, akachungulia baina ya matairi. Akaniuliza, bila hasira, kama mimi naiona sakafu.

Niliapa maishani kuandika ninachokiona. Sakafu sikuiona.

Muriithi akainua tipa. Udongo ukaingia kati ya matairi na ndani ya matairi, ukashuka, ukatulia. Nusu ya mzigo ilitosha. Muriithi alinishukuru kwa kumwokolea safari ya pili. Yale ya juu Wangechi aliyapanga kwa safu, akayajaza, na kufikia jioni kila tairi lilikuwa na mche wake wa sukuma. Lile la trekta limepewa mboga za managu. Dalmas alileta samadi ya bata bila kuombwa. Alisema bata wake walikuwa na deni la maji.

Bwawa limekwisha. Nilikaa kwenye kiti cha Dalmas kwa muda. Hakunicheka. Hilo lilinisumbua zaidi.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya ibada watu walikuja kuona. Akina mama wa kanisa walipiga picha. Walisema hawajawahi kuona mtu aliyewaza mbali hivyo: shamba ndani ya matairi, maji hayapotei, mbuzi hawafiki. Waliuliza wazo lilikuwa la nani. Wangechi aliniangalia. Nikasema, kwa ukweli kamili, kwamba matairi niliyaagiza mimi.

Saa tisa nilipita stejini. Watu wa bodaboda waliniita Mzee wa Matairi. Nimelipima jina hilo njia nzima. Halifikii Mzee wa Swimingi.

Kwa hiyo jioni nilipanda juu ya paa. Kando ya tangi kuna nafasi tambarare, safi, inayoelekea barabarani, ambapo mtu akikaa anaonekana mpaka stejini. Hukumu ya Wangechi ilihusu bwawa. Jakuzi ni beseni, si bwawa. Nimeangalia kamusi.

Fundi anakuja kupima Jumanne, tarehe kumi, saa nne asubuhi. Mazoezi ya kwaya ya Wangechi huanza saa tatu na nusu.