Malalamiko Kuhusu Karatasi Ishirini na Tatu Zilizofanana

Ibra, Jumatatu

Kwa Ami Harub,
Msimamizi wa Uchaguzi wa Kamati ya Ukoo,
Nizwa.

Shikamoo Ami. Natumai goti limepoa na nyumbani hamjambo. Ni mimi Azza, binti wa mdogo wako, uliyemkabidhi kuhesabu kura kwa sababu, kama ulivyosema, ndiye pekee katika ukoo asiyepiga kelele. Haya siwezi kuyasema mbele za watu, ndiyo maana nimeyaandika.

Naomba uchaguzi wa Ijumaa iliyopita ufutwe.

Utakumbuka, Ami, kwamba utaratibu niliutoa katika kitabu cha maktaba ya shule, na wewe ukauridhia. Wagombea watano, nafasi tatu. Kila mtu anawapanga wagombea kwa namba: ampendaye zaidi moja, anayefuata mbili, mpaka tano. Wapiga kura tulikuwa ishirini na wanne, kwa hivyo anayefikisha kura saba ameshinda, kwa kuwa watu wanne hawawezi kufikisha saba kila mmoja. Zikizidi saba, ziada haipotei, inakwenda kwa aliyeandikwa anayefuata. Niliwaeleza kwa mfano wa mfereji wa falaj: shamba likishapata maji yake, unaziba hapa, unafungua pale, jirani naye anywe. Wote walielewa. Laith alisema, "Kumbe siasa ni kumwagilia mitende." Ukaagiza tuhesabu kwa mkono na simu zisiguswe. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza watu walipopewa kalamu.

Kwanza. Watu hawakupanga kwa mapenzi, walipanga kwa umri. Karatasi ishirini na tatu zinasema hivi: Bi Ghanima, Shangazi Fawziya, Ami Firas, Dada Taghreed, mimi. Ni mpango ule ule tunaopitishia kahawa. Mama alisema, "Sasa nimwandike bibi yako namba tatu, mwanangu, halafu kesho nimtazame kwa macho gani?" Nilimwambia kura ni siri. Akasema Mungu anaona. Basi Bibi, yaani Bi Ghanima, akapata ishirini na tatu, akabaki na saba, kumi na sita zikateremka kwa Shangazi Fawziya. Naye akabaki na saba, tisa zikateremka kwa Ami Firas. Nimehesabu saa mbili kupata matokeo ambayo ningeyasoma katika vyeti vya kuzaliwa.

Pili. Shangazi Fawziya amefurahi kushinda, lakini hakufurahi kuwa wa pili. Miaka yote amesema yeye ni mdogo kwa Ami Firas, na sasa watu ishirini na tatu, pengine naye mwenyewe akiwemo, wamekataa kwa maandishi. Anataka majina yao. Nilipomwambia ni siri alisema, "Siri gani, na mwandiko wa Shukriya naujua tangu tuko chuoni?"

Tatu. Mafungu ya kura niliyapanga juu ya zulia na kila fungu nikaliwekea finjani lisipeperuke. Bi Shukriya akapita katikati ya hesabu akakusanya finjani zote akazioshe. Kiyoyozi kikafanya yaliyobaki. Nilipiga ukelele, lakini ni ule wa kwangu, hakuna aliyeusikia. Tukaanza upya na kila kitu kikatoka vile vile, jambo ambalo mimi naliona ni ushahidi wa kosa la kwanza.

Nne. Karatasi ya ishirini na nne ni ya dhihaka. Ina jina langu tu, namba moja, kisha hakuna kitu. Tena imeandikwa kwa penseli ya buluu, wakati mimi niligawa kalamu nyeusi. Namshuku Mohannad, kwa kuwa ana penseli za rangi na ana tabia ya kunicheka.

Tano, na hili ndilo linaloniuma. Ijumaa ijayo kamati itaamua habari ya stoo. Ami Firas anataka kuingiza friza ya nyama za Idi. Humo stoo mna masanduku saba ya vitabu vya marehemu Babu, vile alivyokuja navyo kutoka Unguja, na vikitolewa vitawekwa nje chini ya mabati. Ami unalijua joto la Ibra. Gundi itayeyuka na kurasa zitaachana. Niligombea kwa ajili ya masanduku hayo tu.

Kwa hivyo naomba kura zirudiwe, na siku hiyo, kuanzia alasiri mpaka magharibi, kila mtu katika ukoo ahesabiwe kuwa na miaka kumi na sita. (Shangazi Fawziya ameshaliunga mkono.) Shikamoo isitolewe wala isipokewe. Kahawa ipitishwe kwa kura ya vijiti. Karatasi itakayoonekana kuwa na heshima ndani yake ihesabiwe imeharibika. Na mwenye penseli ya buluu azuiwe kupiga kura kwa chaguzi mbili, awe nani awe nani.

Nisalimie Shangazi, Nizar na mkewe, na majirani wa ukuta wa pili walioniulizia.

Mimi mwanao mtiifu,
Azza
Mhesabu kura (pia mgombea wa tano)

Nyongeza: Nilikwenda kutafuta bahasha katika kikapu cha kushonea cha Bi Ghanima, nikaikuta penseli ya buluu, ile anayochorea nakshi za kofia. Nikamuuliza. Akasema, "Si ulituambia tuandike tunayempenda? Nikaandika. Hao wengine wa nini?"

Ami utauliza karatasi yangu mimi iko wapi. Imo katika zile ishirini na tatu. Nilipofika kwenye jina langu niliona haya, nikajitia namba tano.

Bi Ghanima anasema friza ya Firas itakaa chumbani kwa Firas. Nikamuuliza, na kamati ikikataa? Akacheka mpaka uzi ukamtoka kwenye sindano. "Nani wa kunibishia? Mimi ndiye mkubwa."

Tafadhali Ami, uchaguzi usifutwe.