Simu ya Miaka Saba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku kubwa. Nimeuza baiskeli, nimenunua simu ambayo watengenezaji wameahidi kuipa mise à jour, yaani masasisho ya programu, kwa miaka saba. Miaka saba! Sisi wa mtaa wa Kapata hatuna uhakika hata wa wiki hii. Tangu bei ya kobalti ianguke, kampuni ya mgodi inataka viwanja vya nyumba zetu, ichimbe zaidi kufidia hasara. Mjumbe wake anakuja Ijumaa. Nyumba isiyo na mtu mlangoni itahesabiwa tupu, wenyewe wafukuzwe. Na rais wa komiti ya avenue, barabara yetu hii, ni tata Kabeya, mzee ambaye simu yake imefungwa kwa raba. Huyo ndiye atutetee? Agnès, mke wangu, ameuliza ataendaje sokoni bila baiskeli. Nimemwambia afikirie mbele.

Jumatano, 5 Machi
Kundi la WhatsApp la avenue nililiunda mimi, kwa hiyo sheria naweka mimi. Simu isiyopata tena mise à jour ni mlango bila kufuli. Mwenye nayo atoke, asivujishe siri zetu. Nimeanza na tata Kabeya. Raha niliyoipata siwezi kuificha. Kwa ajili ya haki nimekagua na wengine. Jirani Mama Mianda, nje. Wanakwaya wa avenue, nje. Agnès, nje, jioni amenipa bukari, ugali mtupu bila mboga. Tumebaki mimi na Yassini, dereva wa lori, naye yuko safarini, mji wa Kasaji. Tumepiga kura. Rais mpya wa komiti ni mimi, bila mpinzani.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimetangaza mkutano kwenye kundi. Yassini amejibu kwa kidole gumba, kutoka Kasaji. Hotuba yangu ya utetezi, tamu ajabu, ilikuwa ndani ya simu. Nilipotaka kuifungua, mise à jour ikaanza. Skrini nyeusi, duara linazunguka. Nikaketi chumbani kuisubiri. Nje tata Kabeya aligonga jante ya lori, rimu ya chuma tunayoitumia kama kengele, avenue nzima ikatoka milangoni, hata mke wa Yassini. Mjumbe akafika kwetu, akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Nilimsikia Agnès: “Mi njo mwenye nyumba.” Akaandikwa yeye kuwa mwenye nyumba. Hakuna nyumba iliyokutwa tupu, hakuna aliyefukuzwa. Duara bado lilikuwa linazunguka.

Jumamosi, 8 Machi
Ushindi, na ni wangu. Nisingewaondoa kwenye kundi, wangebaki ndani wakituma vidole gumba. Mimi ndiye niliyewatoa nje. Nimemweleza Agnès. Amesema mpangaji asisahau kufagia lupango, uwanja wote wa nyumba. Nimefagia, moyo mweupe kabisa. Hotuba imefutika, lakini saa kwenye skrini imekuwa kubwa na nzuri. Kesho baada ya misa nitaomba kuongoza kundi la parokia. Nimeshachungulia simu ya padri. Ni ya zamani sana.