Hotuba ya Kufungua Hifadhi ya Miti ya Mshairi Damas Kalenga

Mheshimiwa mwakilishi wa mkubwa wetu, ambaye mwenyewe ameshindwa kufika kwa kukosa mafuta ya gari, waheshimiwa wakuu wa vitengo na wasaidizi wa wasaidizi wao, Monsieur l'Abbé padri wetu, wachungaji wa makanisa yote yaliyofunguliwa tangu Jumapili, mama zetu wa soko, nanyi wafanyakazi mnaoendelea kwenda kazini ingawa kazi yenyewe ilishaondoka Likasi: yambo yenu! (Makofi ya mstari wa mbele.)

Mimi, Floribert Mwepu, Mkurugenzi wa Mazingira, Utamaduni na Mambo Mengine, nimekuja, licha ya kiuno kinachoniuma kwa kulitumikia taifa, kuwafungulia hifadhi hii, iliyobuniwa, ikajadiliwa, ikafanyiwa séminaire tatu zenye chakula, hata ikatekelezwa kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, ili kumuenzi marehemu Damas Kalenga, mshairi wa ndege na majani, ambaye kila mtoto wa mji huu anajua shairi lake, nami ningelisoma hapa kama muda ungeniruhusu. (Sauti kutoka nyuma: "Minye niko hapa, bwana! Sijakufa!")

Marehemu, tafadhali, ukae. Maswali ni mwishoni. (Kicheko kikubwa.)

Basi nifafanue. Mwaka jana huyu mzee aliugua, na watu wa kanisa la jirani wakaja kumwombea kwa nguvu, wakilia na kujigaragaza. Nami nikipita na gari la ofisi nikasikia kilio, nikasema, ole wetu, mshairi ametutoka! Kiongozi wa kweli hasubiri kuingia ndani kuuliza. Palepale nikaamuru matanga rasmi kwenye kiwanja chetu. Ninyi wenyewe mlikuja, mkanywa, mkalia, na mmoja wenu akazimia. (Sauti ya mama: "Njo miye, nilizimia!") Na kwa kuwa matanga bila moto mkubwa wa kukesha nje ni aibu ya mji mzima, nikaagiza kuni zikatwe pale kilimani, njia ya Kambove, kwenye ile miti ya mubanga ambayo marehemu aliitungia mashairi yake yote. Kuna heshima gani inayopita hiyo?

(Mzee Damas amesimama tena: "Nilikuomba kintu kimoja tu! Uniachie ile miti, banizike pale. Weye unaikata ju ya kunililia, na minye niko mu kitanda nakunywa supu!" Mkewe, Mama Gertrude: "Bongo tupu, anadanganya! Huyu muntu hana haya!")

Mama, punguza jazba. Ofisi haikosei, ofisi hutangulia. Mzee ndiye amechelewa. (Miluzi.) Miti iliyobakia ilichomwa ikatoa makala ya jikoni, makala yakapika bukari, ugali wa zile séminaire zilizoipanga hifadhi, na hilo ndilo wataalamu wanaloliita développement intégré, maendeleo yaliyofungamana! Miche elfu tatu imepandwa katika mipango, ua umejengwa kwenye ramani, na mlinzi, ambaye kwa bahati ni shemeji yangu, analinda kwa bidii akiwa nyumbani kwake.

Mazingira! Nimesema, mazingira! (Mtu mmoja: "Oyee," kisha anakohoa.) Damas Kalenga, hai ama marehemu, juu! Likasi ya kijani, juu zaidi!

Nimalize kwa shukrani. Namshukuru seremala wetu Eugène. Ulikuwa umebaki mubanga mmoja, ule mkubwa wa kileleni, nami nikamwambia wazi kwamba hifadhi ya mti mmoja inatuaibisha mbele ya wageni. Basi akauangusha, akaupasua mbao, na kazi yake safi ndiyo hayo mabenchi mliyoyakalia.

(Watu wanaanza kusimama, mmoja mmoja, mpaka hakuna aliyekaa. Mzee Damas ameinama, anapapasa ubao kwa kiganja, analia.)

Aksanti! Aksanti sana, wananchi! Nilijua tu mtasimama kunipongeza.